Gari dogo la zamani mbele ya mkaguzi: anza na breki

Wenye magari madogo ya zamani hapa Tanga huwa na swali moja kila mwaka: safari hii litapita? Ni Vitz za toleo la kwanza, ni Starlet iliyorithiwa kwa mzazi, ni Duet inayopeleka watoto shule asubuhi na kubeba mzigo wa sokoni mchana. Kama mkufunzi wa ufundi wa magari, jibu langu ni kwamba umri peke yake hauliangushi gari. Mkaguzi anataka kujua kama gari linasimama, kama linaonekana, na kama linakwenda linakoelekezwa. Gari la miaka 20 linaweza kufanya yote hayo vizuri, na la miaka 8 likashindwa.

Uingereza walipoanza ukaguzi wa lazima mwaka 1960, waliyaita kwanza magari yenye miaka 10 na zaidi, wakaangalia breki, taa na usukani basi. Tairi ziliongezwa mwaka 1968. Leo orodha yao ni ndefu, na gari huanza kukaguliwa likifikisha miaka 3 tu, lakini yale matatu ya mwanzo hayajashuka thamani. Huku kwetu kazi hiyo iko chini ya wakaguzi wa Kikosi cha Usalama Barabarani, kwa mujibu wa Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, na wao pia hawaji kusikiliza redio ya gari lako wala kusifu rangi.

Nasema hivyo kwa sababu naona fedha za wenye magari zinakoelekea. Gari limepigwa rangi upya, limewekewa rimu za kung'aa, injini imeoshwa mpaka inameta. Ukiliinua kwa jeki, bushi, yaani mipira ya viungo vya magurudumu, zimekwisha na breki shuu, zile zinazosugua ndani ya gurudumu ili kulizuia, zimebaki chuma kitupu. Injini za magari haya ni ngumu. Ukibadilisha oili kwa wakati zinakaa miaka mingi. Kinachochoka mapema ni mipira, mafuta ya breki na bati la chini, na hivi vitatu huzeeka hata gari likiwa limeegeshwa uani.

Nianze na mafuta ya breki, maana hapa ndipo watu wengi hawajui hatari waliyonayo. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewani kidogo kidogo, na hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi. Yale ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayachemki mpaka yafike nyuzi 205 za Selsiasi au zaidi. Yakishanyonya maji, kiwango hicho kinaweza kushuka hadi nyuzi 140. Ukizunguka mjini, Chumbageni hadi Makorora, hutahisi tofauti yoyote, kwa kuwa breki hazipati joto la maana. Sasa panda Lushoto na abiria wanne, urudi na viazi kwenye buti. Kuteremka hadi Mombo ni kona juu ya kona, mguu hauondoki kwenye pedali, diski zinapata moto, na mafuta yaliyochakaa yanachemka ndani ya kalipa, kile kibanio kinachobana diski. Yakichemka hutoa mapovu ya mvuke, na mvuke hubonyea. Nguvu ya mguu inaishia kubonyeza mapovu badala ya kusukuma pistoni, na pedali inazama mpaka chini huku gari likizidi kushika kasi.

Mkaguzi akikanyaga pedali hiyo gari likiwa limesimama kwenye eneo la ukaguzi, ataikuta ngumu na nzuri. Gari litapita. Kwa hiyo jambo hili ni jukumu la mwenye gari: badilisha mafuta ya breki kila baada ya miaka 2, gari litembee lisitembee. Fungua kifuniko uangalie. Mafuta mapya ni meupe au yana manjano hafifu. Yakiwa na rangi ya chai ya rangi, yamepitiliza. Kifuniko chenyewe huandikwa daraja linalotakiwa, na usikubali fundi amwagie mafuta ya aina nyingine kwa sababu tu ndiyo aliyonayo. Na ukiwa mlimani na gari la otomatiki, teremka kwa gia ya chini, ile ya 2 au L, ili injini isaidie kulizuia gari.

Breki ya mkono nayo huwaangusha wengi wa mjini kwa sababu ambayo wenyewe hawaitarajii. Mji wetu ni tambarare. Mwenye gari la otomatiki anaweka P, anazima, anashuka, na mwaka mzima unapita hajaivuta handibreki. Waya wake unashika kutu ndani ya ala, na siku ya ukaguzi unakatika, unagoma kuvutika, au unavutika na kukataa kurudi. Ivute kila unapoegesha. Huko nyuma magari mengi ya aina hii yana drami, yaani ngoma ya chuma inayofunika shuu, na vumbi la breki hujaa ndani. Mwambie fundi afungue, asafishe na kurekebisha nafasi ya shuu angalau mara moja kwa mwaka.

Kuhusu kutu, bahari haina huruma. Gari linalolala Raskazone upepo wa chumvi unalipata usiku kucha, na linaloshuka ufukweni kwenye mchanga ndilo linaloumia zaidi. Lakini usidhani kutu yote ni ya hapa. Magari yetu mengi yametoka Japani, na kule maeneo yenye theluji barabara hunyunyiziwa chumvi ili barafu isigande. Gari likiwa limeishi huko, linaweza kushuka bandarini likiwa limekwishaanza kuliwa chini. Osha chini ya gari kwa maji baridi ya bomba, hasa kwenye mabomba ya breki, sakafu na sehemu zinazoshikilia mikono ya magurudumu. Kuna wanaopaka lami nyeusi siku moja kabla ya ukaguzi ili kuficha matundu. Mkaguzi mzoefu akiona lami mbichi hugonga hapohapo kwanza. Tundu hufungwa kwa bati lililochomelewa sawasawa, halifungwi kwa plasta ya bodi.

Barabara za vumbi nazo zina hesabu yake. Raba inayofunika boljointi, kile kiungo cha mviringo kinachoshikilia gurudumu la mbele, ikichanika, mchanga unaingia na grisi inatoka. Boljointi ikichomoka gari likiwa kwenye mwendo, gurudumu la mbele linalala na usukani hauna tena kazi. Unaweza kuipima mwenyewe: inua gari kwa jeki, weka stendi, shika tairi juu na chini ulitikise, kisha kushoto na kulia. Likicheza juu na chini, tazama boljointi na beringi. Likicheza kushoto na kulia, tazama tairodi, ile fimbo inayounganisha usukani na gurudumu.

Tairi za magari haya ni ndogo, inchi 13 au 14, na tairi za mtumba za saizi hizo zimejaa. Ubavuni soma tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2315 maana yake lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2015. Kashata zinaweza kuwa nene na raba ikawa imekauka na kupasuka. Ndani ya mifereji kuna vinundu vya alama vyenye kimo cha milimita 1.6, kashata zikifikia hapo, tairi limekwisha.

Taa hazihitaji maneno mengi: mwite mtu asimame nyuma ukanyage breki, washa indiketa zote, badilisha balbu zilizoungua.

Ninachokiogopa zaidi ni mtindo wa kuazima. Mtu anaazima tairi nzima, mtungi wa kuzimia moto na pembetatu za tahadhari, anakaguliwa, kisha jioni anarudisha kila kitu kwa mwenyewe na kuendelea kubeba watoto kwa tairi vipara. Stika iliyo kwenye kioo inaeleza hali ya gari saa ile lilipokaguliwa, na hali ile imekwisharudishwa kwa jirani.

Gari likikataliwa, omba uandikiwe kasoro moja moja, na karatasi hiyo uitunze pamoja na risiti za gereji. Waingereza huweka matokeo ya ukaguzi wa kila gari wazi mtandaoni, na mnunuzi huona kasoro zilizojirudia mwaka hadi mwaka. Sisi tunaweza kufanya hivyo kwa daftari la kawaida ndani ya dashibodi. Ukienda kununua kigari cha mtumba, mwombe muuzaji daftari hilo kabla hujamwomba awashe injini. Kama hana, panga bei ukiwa umekwishaweka kando gharama ya mafuta mapya ya breki, shuu, boljointi mbili na tairi nne.