Kitabu cha sura chenye msichana machachari: maana yake nini?

Mtoto anayetoka kwenye vitabu vya picha, vile ambavyo mchoro umejaza ukurasa na chini yake pana sentensi mbili, hawezi kurukia riwaya papo hapo. Kati ya hivyo viwili pana kitabu cha sura. Ni hadithi ya kurasa 60 hadi 120 hivi, herufi kubwa kiasi, mistari iliyoachana na michoro michache, mara nyingi isiyo na rangi. Wasomaji wake wana umri wa miaka 6 hadi 9.

Sura zenyewe zina kazi. Msomaji wa miaka 7 husoma kidole kikiufuata mstari, na huchoka. Sura fupi humpa pa kutulia bila kuonekana ameshindwa. “Nimemaliza sura mbili” ni habari ya kutangaza nyumba nzima.

Vitabu hivi viko vya aina nyingi: vya upelelezi, vya mazimwi, vya wanyama wanaosema. Kitabu cha msichana machachari ni cha kihalisia, yaani hakina uchawi. Dunia yake ni nyumbani, darasani na kwa jirani, na mkasa mkubwa wa kitabu kizima unaweza kuwa jino linalotikisika. Pippi, msichana wa vitabuni aliyebuniwa na Astrid Lindgren na kuchapishwa kwanza Sweden mwaka 1945, ni machachari kupita kiasi, lakini anamnyanyua farasi kwa mikono yake na haishi na mzazi wa kumwuliza kitu. Kwa hiyo hayumo. Msichana wa kihalisia akimwaga rangi, zulia limechafuka, na mwenye zulia yuko njiani anarudi.

Neno machachari ndilo huchanganya watu, maana wengi hulisoma kama utukutu. Mtukutu anajua anakosea na anaendelea. Machachari ana hoja yake, tena hoja nzuri, ila watu wazima hawaijui. Mfano bora ninaoujua uko katika Ramona the Pest, kitabu cha Beverly Cleary cha mwaka 1968. Siku ya kwanza ya chekechea, mwalimu anamwonyesha Ramona kiti na kumwambia akae pale kwa sasa. Kwa Kiingereza, neno alilotumia mwalimu lina maana mbili: wakati huu, na zawadi. Ramona amesikia zawadi. Basi wenzake wanapoinuka kwenda kucheza, yeye habanduki kitini. Mtu mzima anaona mkaidi. Msomaji, ambaye yumo kichwani mwa Ramona, anaona mtoto mtiifu kuliko wote darasani.

Pengo hilo kati ya nia na matokeo ndiyo injini ya aina hii. Katika kitabu cha mwaka 1981, Ramona ana miaka 8 na shuleni umeingia mtindo wa kupasulia mayai ya kuchemsha kichwani. Anajipigiza lake, kumbe ni bichi. Kichekesho kingeweza kuishia hapo. Lakini akiwa anasafishwa nywele anamsikia mwalimu wake akimsema, na maneno yale yanamchoma kwa siku kadhaa.

Mwandishi Barbara Park alimfanya mhusika wake Junie B. Jones, aliyeanza mwaka 1992, asimulie mwenyewe kwa sarufi mbovu ya mtoto wa chekechea, na baadhi ya wazazi Marekani wakalalamika kwamba anawaharibia watoto lugha. Mimi naona kinyume: mtoto aliyejifunza kanuni juzi hapati raha kubwa kama ya kumsahihisha mtu aliyechapishwa kitabuni.

Kitabu kinachomfanya msichana aombe radhi na kuahidi kutulia kila sura inapofungwa sikihesabu humu. Hicho ni mawaidha yaliyovalishwa jalada la kuchekesha.

Vitabu hivi huandikwa kwa mfululizo, kwani mtoto akishampenda mhusika hutaka kingine haraka. Wahusika wengi hubaki na umri uleule au husogea kidogo tu. Ramona amekua, ila kwa mwendo wake: alikuwa na miaka 4 katika kitabu cha mwaka 1955, na katika kitabu cha mwisho, cha mwaka 1999, anatimiza 10. Waliomsoma akiwa chekechea walikuwa wameshapata watoto wao.