Je, wajua kwa nini Ziwa Victoria hugeuka rangi kule Magu mvua zikianza?

Barabara ya kutoka Mwanza kwenda Musoma huvuka Mto Simiyu ndani ya Wilaya ya Magu. Ukipita hapo Agosti utaona mchanga mpana, vidimbwi viwili vitatu, na watu wamefukua mashimo mtoni wakisubiri maji yajichuje ndipo wachote. Pita tena Novemba, siku moja baada ya mvua kubwa kunyesha huko juu, Bariadi au Maswa. Sasa mto umejaa, maji yana rangi ya chai ya maziwa, na yakifika Ghuba ya Speke yanachora doa la kahawia linaloingia ziwani mbali kuliko mtu anavyotarajia.

Mtu atasema mto unajaza ziwa. Kwa kweli unajaza kidogo sana. Takriban asilimia 80 ya maji yanayoingia Ziwa Victoria ni mvua inayonyesha moja kwa moja juu ya ziwa lenyewe, maana ziwa lina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 68,000 na hutengeneza mawingu yake. Mito yote kwa pamoja inachangia sehemu ndogo iliyobaki, na hapo Kagera ndiyo kinara. Simiyu, unaokauka kila kiangazi, ni mdogo sana kwenye hesabu hiyo. Kinachoufanya uhesabike ni mzigo unaoubeba, nao ni udongo.

Chota maji hayo ya Novemba kwenye chupa inayoonyesha ndani, uiweke dirishani. Mchanga utatua chini kabla hujageuka. Tope laini litachukua saa kadhaa. Ule udongo wa mfinyanzi wenyewe unaweza kubaki umeelea siku nyingi, kwa sababu chembe zake ni ndogo kiasi kwamba mtikisiko mdogo tu wa maji unatosha kuzizuia zisizame. Ziwani hakuna utulivu wa dirishani. Upepo na mawimbi huzisukuma chembe hizo hadi mbali, ndiyo maana doa ni kubwa kuliko mto.

Lakini kwa nini hasa mvua za mwanzo? Za Aprili nazo ni kali, na maji yake hayawi mazito vile. Jibu liko shambani, miezi mitatu nyuma. Mavuno yakiisha, ng'ombe huachiwa mashamba wale mabua ya mahindi na mtama. Miti ya pamba hailiwi ikaisha, ila kanuni za zao zinataka ing'olewe na kuchomwa ili wadudu wasivuke msimu. Ni kanuni nzuri kwa pamba. Kwa udongo, maana yake ni kwamba Oktoba inapofika nchi iko uchi kutoka kilimani hadi mtoni.

Tone la mvua likipiga ardhi ya namna hiyo linapasua donge. Vumbi la mfinyanzi linaziba vitundu vya udongo, juu panajifunga gamba gumu, na maji yanayofuata hayana pa kuingia isipokuwa kutiririka. Kwenye itogolo, ule udongo wa mteremko wa chini unaokauka ukawa kama sakafu ya saruji, hali ni mbaya zaidi. Maji hutafuta njia iliyo tayari, na njia iliyo tayari ni ile ya ng'ombe kwenda kunywa. Miaka michache baadaye njia hiyo ni korongo. Kufikia Aprili majani yameota, mizizi imeshika, mvua ileile inakuta nchi imevaa.

Ukifika ziwani udongo huo unaleta fosforasi, chakula cha mwani wa kijani unaotanda kwenye ghuba zenye maji tulivu. Unaharibu pia mazalia. Ningu, samaki anayepanda mitoni wakati wa mafuriko kutaga mayai, hakupungua kwa nyavu peke yake. Zamani mafunjo ya mdomoni mwa mto yalipunguza kasi ya maji na tope likatua humo kwanza, lakini sehemu nyingi za namna hiyo sasa zimegeuzwa majaruba ya mpunga.

Wasukuma wana desturi ya ngitili: kipande cha malisho, cha kaya au cha kijiji, kinachofungwa mvua zinapoanza na kufunguliwa katikati ya kiangazi, majani ya kwingine yakishaisha. Lengo lake ni chakula cha ndama na ng'ombe wa maziwa, wala si ziwa. Ila angalia kalenda. Ngitili hufungwa katika wiki zilezile ambazo udongo unaondoka. Kwato hazipiti ardhi ikiwa imelowa, majani yanaota bila kukatwa, na visiki vya migunga ambavyo mizizi yake haikufa vinachipua bila mtu kupanda mche. Mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza 1986, ulijengwa juu ya desturi hiyo. Hekta za ngitili zilizokuwa zikihesabika kwa mamia zilipita 300,000 ndani ya takriban miaka 15, zikilindwa na sheria ndogo za vijiji na sungusungu, walinzi wa jadi.

Nadhani siri ilikuwa hapo kwenye ulinzi. Utaalamu ulikuwepo tangu zamani. Ukiriguru, kituo cha utafiti kilicho Misungwi, kilikuwa kikihimiza matuta yaliyozibwa kati kwa kati ili maji yasikimbie tangu enzi ya Mwingereza. Mkoloni akayafanya amri na faini, watu wakayachukia, amri ikafa.

Magu si Shinyanga. Ardhi imebanana, na kaya yenye ekari tatu haiwezi kufungia malisho. Pia tusidanganyane: sehemu kubwa ya fosforasi ya ziwa hushuka na vumbi na moshi kutoka angani, kwa hiyo kuponya Simiyu hakutaponya ziwa zima. Kutapunguza doa la Ghuba ya Speke, na kutawaachia watu wa juu udongo wao, ambao mimi naona ndio sababu yenye nguvu zaidi. Pa kuanzia papo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu au zinazoweza kudhuru mazingira ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, na kila mtu anaona mahindi yanavyolimwa hadi ukingoni. Ukanda huo ungefungwa kama ngitili ya kijiji, majani yake yakakatwa na kuuzwa Septemba kwa wenye ng'ombe, kijiji kingekuwa na sababu ya kuulinda kuliko bango la onyo.