Mimea dawa na figo: panya alipewa dondoo kabla ya sumu

Figo zako mbili huchuja takriban lita 180 za majimaji ya damu kila siku. Karibu yote hurudishwa mwilini, na mkojo unaotoka ni lita moja au mbili tu. Kazi hiyo ya kurudisha ndiyo huiponza figo, kwa sababu seli za mirija yake midogo huvuta maji, chumvi na sukari, na sumu nayo huvutwa humo humo ikajikusanya.

Gentamaisini, sindano inayookoa wengi wenye maambukizi makali ya bakteria, huumiza figo kwa njia hiyo. Sisiplatini, dawa ya saratani, vivyo hivyo. Zikishaingia kwenye seli huvuruga mitokondria, yaani vinu vya nishati vya seli, zikazaliwa molekuli za oksijeni zisizotulia ambazo hushambulia utando wa seli mpaka ife. Diklofenaki na ibuprofeni, dawa za maumivu, zina njia yake: hupunguza damu inayofika kwenye figo, na hatari huwa kubwa zaidi kwa mtu aliyepungukiwa na maji mwilini.

Matumaini ya mimea yametoka hapo. Kurkumini ya kiungo cha manjano, thaimokwinoni ya habasoda na polifenoli za komamanga zina uwezo wa kutuliza molekuli hizo. Maabara nyingi zimewapa panya gentamaisini au sisiplatini, kundi moja likaongezewa dondoo la mmea, yaani viini vyake vilivyotolewa na kukolezwa. Mara nyingi kundi hilo hubaki na kreatinini ya chini (taka ya damu ambayo hupanda figo zikishindwa kuchuja), na chini ya hadubini mirija yake huonekana imeumia kidogo tu. Nayathamini matokeo haya. Utafiti wa aina hii lazima uendelee.

Lakini tazama ratiba yake. Katika mengi ya majaribio haya panya huanza kupewa dondoo siku kadhaa kabla ya sumu, au siku ile ile. Anayetafuta majani ya figo huja sumu ikiwa imeshafanya kazi yake, tena kwa kuchelewa, maana kreatinini inaweza isipande waziwazi hadi karibu nusu ya uwezo wa kuchuja uwe umepotea. Panya yule alikuwa kijana, mzima, na alipewa sumu moja kwa siku chache. Mgonjwa wetu ana kisukari, ana shinikizo la damu, na anameza dawa nne au tano.

Kipimo nacho kina hesabu yake. Panya akipewa miligramu 200 kwa kila kilo ya uzito wake, kwa kanuni ya kawaida ya kubadilisha vipimo mtu wa kilo 60 angehitaji karibu gramu 2 za dondoo kwa siku. Nasema dondoo, si unga wa jikoni. Kurkumini, kwa mfano, hufyonzwa kidogo mno tumboni.

Na kuna mimea ambayo yenyewe ndiyo sumu. Mwaka 1993 madaktari wa Brussels, Ubelgiji, walieleza habari za wanawake ambao figo zao zilikufa kwa kasi baada ya kutumia vidonge vya mitishamba vya kupunguza unene. Mmea mmoja ulikuwa umechukuliwa badala ya mwingine wenye jina linalofanana nao, na huo uliochukuliwa, Aristolochia fangchi, una asidi inayoua mirija ya figo na kusababisha saratani ya njia ya mkojo. Waliodhurika walikuja kufikia takriban 100. Hata manjano yetu tunayoyapenda, yakimezwa kwa wingi kama vidonge, huongeza oksaleti, kemikali inayoweza kuganda ndani ya figo, na fuwele zake zimewahi kuziba figo za watu.

Kinga iliyothibitishwa kwa binadamu haina mvuto wa kutangazwa. Kabla ya sisiplatini mgonjwa hutundikiwa maji ya chumvi, mara nyingi pamoja na magnesiamu. Gentamaisini hutolewa kwa siku chache iwezekanavyo, huku figo zikipimwa. Unapoharisha au kutapika, acha diklofenaki na ibuprofeni.

Kama tayari unatumia mmea wowote, njoo nao kliniki: jani, unga au chupa yenyewe. Hakuna atakayekugombeza. Kreatinini inapopanda tunatafuta chanzo, na tusipojua unachokunywa tunaweza kukusimamishia dawa unayoihitaji, huku sumu yenyewe ikibaki kwenye kikombe chako.