Je, wajua kwamba pikipiki hung'aa kwa kupunguzwa, si kwa kupakwa?

Mtu akimimina polishi kwenye kitambaa na kusugua tangi la pikipiki mpaka ajione sura yake humo, ni rahisi kuamini kwamba mng'ao umetoka kwenye chupa. Kuna kitu kimepakwa, na mikwaruzo haionekani tena. Ndiyo maana wengi husema polishi hujaza mikwaruzo, na kutokana na hapo huamini kwamba ukiipaka mara kwa mara unaikinga rangi. Mambo ni kinyume chake. Polishi halisi ina chembechembe ngumu, mara nyingi za oksidi ya alumini, na kazi yake ni kula sehemu ya juu ya rangi. Kinachong'aa baadaye ni uso uleule wa pikipiki, ukiwa mwembamba kuliko ulivyokuwa kabla ya kusuguliwa.

Pikipiki nyingi za sasa hupakwa praima, kisha rangi yenyewe, kisha vanishi angavu ambayo mafundi huiita klia. Polishi hufanya kazi kwenye hiyo klia. Kwa kawaida klia ya kiwandani huwa na unene wa maikromita 35 hadi 50, yaani haifiki hata sehemu moja ya kumi ya milimita, ingawa unene hutofautiana kutoka kiwanda hadi kiwanda na hata katika tangi moja. Kwenye kingo na mikunjo huwa nyembamba zaidi, kwa sababu rangi mbichi hujivuta na kuikimbia kona kabla haijakauka.

Ili kuelewa mkwaruzo unavyopotea, mfikirie seremala mwenye ubao uliochanwa na msumari. Akitaka mchano uondoke bila kuuziba, hawezi kuugusa mchano wenyewe, kwa sababu mchano ni nafasi tupu. Anachoweza kufanya ni kupitisha randa juu ya ubao wote, akiondoa maranda pande zote mbili za mchano, mpaka uso mzima ushuke na kufikia kina cha ule mchano. Hapo mchano unakwisha kwa kukosa kingo. Mchano ukiwa wa kina kirefu kwenye ubao mwembamba, seremala mwenye busara huacha kabla hajafika chini, akaridhika kwamba kingo zake zimelainika na jicho haliutambui haraka. Fundi wa polishi hufanya hivyohivyo kwenye klia, tofauti ni kwamba maranda yake ni madogo kiasi cha kubaki kwenye sponji kama utope mweupe. Utope huo ukiwa na rangi ya pikipiki, kwa mfano kitambaa kikawa chekundu kwa tangi jekundu, ujue pikipiki hiyo ina rangi ya tabaka moja isiyo na klia juu, au klia tayari imeisha mahali hapo na unapaswa kuacha mara moja.

Isaac Newton alilieleza jambo hili vizuri mwaka 1704 alipoandika kuhusu kusugua vioo: kung'arisha ni kuivunjavunja mikwaruzo mikubwa kuwa midogo mpaka iwe midogo mno kuonekana. Maelezo hayo yanafaa pia kwa klia. Baada ya kupiga polishi mikwaruzo bado ipo, lakini ni ile iliyoachwa na chembe laini za mwisho, nayo haina kina cha kuusumbua mwanga. Mwanga tunaouona una mawimbi yenye urefu wa nanomita 400 hadi 700 hivi, na uso ambao mabonde yake ni madogo sana kuliko vipimo hivyo huurudisha mwanga kwa mpangilio, kama kioo. Mabonde yakiwa makubwa, mwanga hutawanyika, na jicho huona ukungu wa kijivu.

Hata hivyo, dhana ya kujaza haikuzuka hivihivi, na inastahili kuelezwa kwa haki. Itazame pikipiki iliyochakaa wakati imelowa maji. Mikwaruzo mingi haionekani, rangi inaonekana mpya, kisha ikikauka tu yote yanarudi. Sababu ni kwamba mwanga hurudishwa pale unapovuka mpaka wa vitu viwili vinavyoupinda kwa kiasi tofauti. Ukitoka hewani na kuingia kwenye klia, karibu asilimia 4 ya mwanga unaoangukia wima hurudi. Ukitoka kwenye maji na kuingia kwenye klia, haifiki hata asilimia moja. Kwa hiyo bonde lililojaa maji lina kuta zilezile, lakini kuta hizo zimekosa nguvu ya kurusha mwanga kando. Nta na mafuta hufanya kazi hiyo vizuri zaidi ya maji, kwa sababu huupinda mwanga karibu sawa na klia. Polishi nyingi zina mafuta ndani yake, na zipo bidhaa zenye vijazio hasa kwa ajili hiyo. Huo ndio ujazaji wa kweli, nao hudumu mpaka shampuu na jua viuondoe. Mafundi makini hufuta sehemu waliyoifanyia kazi kwa spiriti iliyochanganywa na maji kabla ya kuamua kama mkwaruzo umeondoka au umefichwa tu. Mimi naona hatua hiyo ndogo ndiyo inayomtofautisha anayeijua kazi na anayeuza mng'ao wa wiki mbili.

Kuna jambo jingine la ajabu ambalo karibu kila mwenye pikipiki nyeusi amewahi kuliona: juani, mikwaruzo huonekana kama duara nyingi zinazolizunguka jua lililo kwenye tangi, mfano wa utando wa buibui. Watu hudhani duara hizo zimetokana na kuosha kwa kuzungusha mkono, kwa hiyo hushauriana kuosha kwa mistari iliyonyooka. Lakini sogeza kichwa chako uone: duara zote huhama pamoja na taswira ya jua. Mkwaruzo halisi hauwezi kuhama. Ukweli ni kwamba tangi limejaa michirizi mifupi iliyolala kila upande, na kila mchirizi hurusha mwanga kuelekea pande zinazoukata kwa pembe mraba tu. Inayolifikia jicho lako ni ile iliyolala kwa kulizunguka jua. Mingine iko palepale, gizani, inasubiri usogee. Kuosha kwa mistari hakuzuii michirizi, bali huilaza upande mmoja tu, ikaonekana ukiwa umesimama mahali fulani na kupotea ukihama. Kinachozuia ni kuondoa vumbi kwa maji mengi kabla ya kitambaa kugusa, kwani chembe za mchanga ni ngumu kuliko klia yoyote.

Na kwa nini nyeusi? Klia ya pikipiki nyeupe huchanika sawasawa na ya nyeusi. Ila nyeupe yenyewe inarudisha mwanga mwingi mno, kiasi kwamba ule mchache unaotawanywa na mikwaruzo hupotea ndani yake. Nyeusi hairudishi karibu chochote, kwa hiyo kila mchirizi unabaki peke yake mbele ya macho.

Tukishakubali kwamba tunapunguza, swali la mkono au mashine linakuwa swali la kasi na joto. Ukisugua kwa mkono mara mbili kwa sekunde, kila mkupuo sentimita 30, kitambaa kinasafiri sentimita 60 kwa sekunde. Sponji ya upana wa milimita 150 kwenye mashine ya mzunguko wa kawaida, ikizunguka mara 1,500 kwa dakika, ukingo wake unasafiri karibu mita 12 kwa sekunde. Hiyo ni mara ishirini zaidi, na katikati ya sponji ileile mwendo ni karibu sifuri. Kukosa ulingano huko ndiko kunakoacha alama za mawimbi kwenye rangi, na ndiko kunakounguza kingo za tangi mikononi mwa mgeni wa kazi. Mashine ya mizunguko miwili, ambayo sponji yake huzunguka huku mhimili wake ukiyumba kwenye duara dogo, husambaza msuguano vizuri zaidi. Ukiikandamiza kupita kiasi, mzunguko husimama na kubaki mtetemo, kwa hiyo ni vigumu zaidi kuharibu nayo.

Pikipiki pia ina tatizo lake ambalo gari halina sana. Uso wake ni mdogo, umejaa mikunjo, na umechanganya chuma na plastiki. Tangi la chuma hupitisha joto zaidi ya mara mia mbili kuliko plastiki ya ubavuni, kwa hiyo joto la msuguano hutawanyika haraka kwenye tangi, ilhali kwenye plastiki hubaki palepale na kuilainisha klia. Kwa plastiki na sehemu nyembamba, mkono au mashine ndogo yenye sponji ya milimita 75 ni chaguo bora, hata kama kazi itachukua mchana kutwa. Mkono nao una kasoro yake: ncha za vidole hukandamiza kwa mistari, kwa hiyo kitambaa kifungwe kwenye kipande cha sponji. Na mkwaruzo ambao ukucha unakwama ndani yake kwa kawaida ni wa kina mno. Hapo kinachohitajika ni rangi, si polishi.

Rangi isiyong'aa haipigwi polishi kabisa. Uso wake umetengenezwa kuwa na mabonde madogo kwa makusudi ili mwanga utawanyike, na ukiyasawazisha unapata kiraka kinachong'aa ambacho hakirudi kuwa kama zamani bila kupaka upya. Hilo hutokea hata bila chupa wala mashine: kwenye tangi la namna hiyo, pale magoti ya dereva yanapoligusa, kitambaa cha suruali pamoja na vumbi huondoa mabonde kidogo kidogo, na baada ya muda wa kuendesha pande zote mbili za tangi hung'aa.