Bustani ya mvua: sayansi inayoanzia kwenye paa la darasa

Bustani ya mvua ni eneo lililochimbwa kidogo, kina cha sentimita 15 hivi, likapandwa mimea inayostahimili maji na ukame kama nyasi ya vetiva. Maji ya paa na uwanja huelekezwa humo yakazama ardhini badala ya kukimbilia mtaroni. Zilianza kujengwa kwenye makazi ya Prince George's County, Maryland, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kwa shule ya sekondari ya Dar es Salaam, naiona ni mojawapo ya maabara bora zaidi, na haihitaji vifaa vya gharama.

Hesabu huja kwanza. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Chukua paa la bati la madarasa mawili, urefu mita 20, upana mita 8. Mvua ya masika ya milimita 30 inamwaga hapo lita 4,800, yaani madumu 240 ya lita ishirini. Mwanafunzi aliyepiga hesabu hiyo mwenyewe, kisha akasimama karibu na mdomo wa gata mvua ikinyesha, haulizi tena kwa nini mtaro nje ya geti umejaa.

Kisha udongo. Kikundi kinachimba shimo la sentimita 30, mbali na ukuta na shimo la choo, kinalijaza maji, yakizama kinalijaza tena, halafu kinashika rula na saa. Maji yakishuka sentimita 2.5 kwa saa, bustani iliyojaa itakauka kwa saa sita. Yakibaki hadi keshokutwa, watafute pengine. Wazazi watauliza kuhusu mbu, na wana haki. Kwa kawaida yai la mbu huchukua wiki nzima au zaidi majini mpaka mbu aruke, kwa hiyo bustani inayokauka ndani ya siku mbili haimpi nafasi. Jibu hilo walitoe wanafunzi, kwa vipimo vyao.

Vipimo hivyo visirukwe ili kuwahi kupanda miche na kupiga picha. Vikirukwa, somo hupotea.

Bustani moja haitazuia Mto Msimbazi kufurika eneo la Jangwani, jijini Dar es Salaam. Ila mto huo hushuka kutoka vilima vya Pugu ukipokea maji ya mapaa na barabara njia nzima, na kijana aliyepima paa la darasa lake anaweza kukadiria la nyumbani, la jirani, hata mtaa wote, akaenda na namba hizo kwenye mkutano wa serikali ya mtaa mitaro inapojadiliwa.