Je, wajua kwa nini mama mhadhiri hubaki nyuma kwa machapisho baada ya kuzaa?

Chuo kikuu kikitaka kujua kama mhadhiri anastahili kupandishwa cheo, huhesabu machapisho yake: makala kwenye majarida, sura za vitabu, ruzuku za utafiti alizoleta. Ukitenganisha hesabu hiyo kwa jinsia, mara nyingi wanaume wako mbele. Na kwa miaka mingi sababu iliyotajwa vikaoni imekuwa ya kuudhi: eti wanawake hawana ari ya utafiti, wanapenda kufundisha tu.

Mwaka 2021 jarida la Science Advances lilichapisha utafiti uliolichimba suala hili. Ulihusu wahadhiri 3,064 wa idara 450 za sayansi ya kompyuta, historia na biashara nchini Marekani na Kanada. Waliulizwa walipata watoto lini, kisha tarehe hizo zikalinganishwa na orodha za machapisho yao. Ikabainika kwamba sehemu kubwa ya pengo inatokana na uzazi: akina mama hushuka kwa muda baada ya kujifungua. Lakini wazazi kwa jumla, baba na mama pamoja, walichapisha zaidi kidogo kuliko wasio na watoto. Sentensi hiyo ningependa isomwe kwa sauti katika kila kamati ya kupandisha vyeo, maana inaonyesha kuwa mtoto hapunguzi akili wala bidii ya mzazi.

Kinachopungua ni muda usiokatikakatika. Mwangalie mhadhiri aliyerudi kazini mtoto akiwa na miezi mitatu. Kipindi cha saa mbili asubuhi kiko kwenye ratiba na wanafunzi wameshajaa ukumbini. Matokeo ya mitihani yana tarehe ya mwisho. Mwanafunzi wa uzamili yuko mlangoni ameshika sura ya tatu ya tasnifu. Kazi pekee isiyo na mtu wa kuidai siku hiyo ni makala iliyorudishwa na wapitiaji, yaani wataalamu wanaoikagua kabla jarida halijaichapisha, na maoni ya kurasa nne, wanataka uchambuzi wa data urudiwe. Hiyo haifanyiki kwa dakika ishirini ishirini. Kabla hajakumbuka alikoishia kwenye majedwali yake, simu inaita, dada wa nyumbani anasema mtoto amepata homa. Makala inasogezwa hadi wiki ijayo, na wiki ijayo ni hivyo hivyo.

Sheria nazo zimeshaamua nani abebe mzigo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na akirudi anaruhusiwa kunyonyesha kwa muda usiozidi saa mbili kwa siku ya kazi. Baba alipewa siku 3. Kenya, kwa sheria ya mwaka 2007, mama ana miezi 3 na baba wiki 2.

Sasa, kama kushuka kwenyewe ni kwa muda mfupi, mbona athari yake ni ya miaka? Kwa sababu makala hukua kama deni lenye riba. Isipotoka mwaka huu, ombi la ruzuku la mwakani linakwenda likiwa dhaifu. Bila ruzuku hakuna msaidizi wa utafiti, na bila msaidizi makala inayofuata inachelewa zaidi. Haya yote huangukia miaka ya mwanzo ya kazi baada ya shahada ya uzamivu, ambayo kwa wanawake wengi ndiyo miaka ya kuzaa.

Najua kuna watakaouliza, mbona Wangari Maathai aliweza? Ni kweli: alipata mtoto wa kwanza mwaka 1970, akatunukiwa shahada ya uzamivu mwaka 1971, na mwaka 1976 akawa mkuu wa idara katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Lakini wanaomtaja kama kipimo husahau kwamba katika miaka hiyo hiyo yeye na mwenzake Vertistine Mbaya walipigania wanawake wa chuo hicho walipwe marupurupu sawa na wanaume. Aliyajua vizuri mazingira yalivyowabana.

Kuna dawa iliyojaribiwa na kugeuka sumu. Vyuo vingi vya utafiti vya Marekani viliamua mhadhiri anayepata mtoto aongezewe muda kabla ya kutathminiwa kwa ajira ya kudumu, awe mama au baba. Utafiti wa wachumi watatu uliotoka mwaka 2018, uliohusu idara 50 bora za uchumi, ulikuta kwamba utaratibu huo uliwaongezea wanaume nafasi ya kupata ajira ya kudumu na kuwapunguzia wanawake. Akina baba waliutumia muda wa ziada kuchapisha, ilhali machapisho ya akina mama hayakuongezeka vivyo hivyo.

Baraza la Utafiti la Ulaya limelikwepa kosa hilo. Katika ruzuku zake za watafiti wachanga, mama huongezewa miezi 18 kwa kila mtoto kwenye kipindi anachoruhusiwa kuomba, ila baba huongezewa likizo aliyochukua kweli na kuithibitisha. Huku kwetu mpango wa CARTA, unaosomesha watafiti wa Kiafrika shahada ya uzamivu, umewahi kuweka ukomo wa umri wa miaka 40 kwa wanaume na 45 kwa wanawake, na umewasaidia akina mama waje kwenye semina na watoto wachanga na walezi wao.

Utafiti ule wa 2021 unasema hasara ya akina mama imekuwa ikipungua kadiri miaka inavyokwenda, na wanawake waliohojiwa walitaja likizo yenye malipo na malezi ya watoto kuwa mambo muhimu katika kukubali kazi na kubaki nayo. Kwa hiyo mkuu wa chuo anayelalamika kwamba hapati maprofesa wanawake aanze na chumba cha kulelea watoto ndani ya eneo la chuo, chenye walezi wanaolipwa vizuri, kinachobaki wazi hadi maabara zifungwe.