Kujenga upya mfumo endeshi kutoka msimbo chanzo: ni mara ngapi?

Kwa kawaida mfumo endeshi hupakuliwa ukiwa tayari. Kuujenga kutoka msimbo chanzo ni kuchukua maandishi ya programu yenyewe na kuiachia kompyuta yako iyageuze kuwa kerneli (kiini cha mfumo kinachoongoza maunzi), maktaba na amri unazotumia. FreeBSD, NetBSD na OpenBSD, mifumo endeshi ya familia ya BSD, zinaruhusu kufanya hivyo kwa mfumo mzima. Kwa Gentoo, ambayo ni Linux, ndiyo desturi.

Urudie baada ya muda gani? Inategemea tawi la msimbo unalofuata, yaani mkondo upi wa maendeleo ya msimbo huo. FreeBSD ni mfano mzuri. Tawi la CURRENT hubadilika kila siku, na makosa mapya huonekana huko kwanza. Anayelifuata asikae wiki nyingi bila kujenga, maana tatizo likizuka atakuwa na mabadiliko mengi mno ya kuchunguza. Tawi la STABLE hupokea yaliyokwisha kujaribiwa CURRENT, hivyo mara moja kwa mwezi inatosha, au pale linapotoka rekebisho unalolihitaji. Tawi la toleo rasmi hupokea viraka (marekebisho madogo) vya usalama na masahihisho ya makosa makubwa tu. Hapo subiri tangazo la usalama, ulisome, ndipo uamue. Kujenga upya wakati msimbo haujabadilika ni kuchosha prosesa bure. Wapo wanaofanya hivyo kila usiku kwa raha ya kutazama mistari ikipita kwenye skrini. Sina ugomvi nao, mradi si kwenye seva inayotegemewa na watu.

Gentoo ni kinyume. Haina matoleo ya kusubiri, vifurushi vyake, yaani programu zake mojamoja, husonga mbele mfululizo. Ukiiacha miezi mingi, vifurushi vinavyotegemeana huanza kugongana na unaweza kupoteza siku nzima ukivifungua fundo moja moja. Kwake, kidogo kidogo kila wiki ni nafuu.

Unapojenga FreeBSD, fuata mpangilio wa amri: buildworld (kujenga maktaba na amri), buildkernel (kujenga kerneli), kisha installkernel (kusakinisha kerneli), uwashe kompyuta upya, ndipo installworld (kusakinisha maktaba na amri), na etcupdate kwa mafaili ya mipangilio. Kerneli hutangulia kwa sababu kerneli mpya kwa kawaida huweza kuendesha programu za zamani, lakini programu mpya zinaweza kuomba huduma ambazo kerneli ya zamani haina. Kabla ya yote soma faili la /usr/src/UPDATING, lenye maonyo kuhusu mabadiliko, na kama unatumia ZFS (mfumo wa kuhifadhi mafaili), hifadhi hali ya sasa kwa amri ya bectl ili uweze kurudi nyuma.

Ikiwa uko kwenye toleo rasmi na hujabadilisha chochote kwenye kerneli, huenda huhitaji kujenga kabisa: FreeBSD ina amri ya freebsd-update na OpenBSD ina syspatch, na zote mbili huleta viraka vilivyokwisha kuandaliwa kwa dakika chache.